Swali Nililouliza Mbele ya Wifi

Nilikuwa uani kwa Mama, mtaa wa Makomeno, nikitoa majani ya mkaratusi yaliyokwisha kuchemka kwenye mtambo wa kunereka mafuta, simu ilipolia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Niliitambua sauti ile: ni yule mwanamke wa mtaa wa Golf niliyemkanda siku tatu zilizopita. Alikuwa ananong'ona kama mtu aliyejifungia chooni.

"Yaya, dada yangu, nilikudanganya. Niko na mimba. Miezi mbili na kitu. Mbili ya kwanza zilitoka, hii njo ya tatu. Leo asubuhi nimeona damu. Ile mafuta ulinipakala, ilikuwa na nini? Usiambie muntu."

Sikuweza kuusikiliza mara ya pili. Majani ya moto yalikuwa bado mikononi mwangu na sikuyasikia. Nilichosikia ni hesabu tu kichwani: mafuta ya rozmari matone manne, ya sauge matone matano. Matone tisa, na yote nilikuwa nimeyatoa kwenye chupa ambazo Mama alikuwa amezifunga uzi mwekundu shingoni. Uzi mwekundu maana yake ilikuwa moja: chupa hii haimgusi mwanamke mwenye mimba.

Kabla ya kusema nilifanya nini baada ya hapo, lazima nieleze jinsi nilivyofika kwenye chupa hizo.

Mimi si mtu wa kukaa. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano. Nyumbani hakukuwa na njaa. Baba yangu alikuwa wa reli, kama baba yake, na sisi ni watu wa kaskazini tuliozoea kwenda misa na kupiga pasi sare za shule. Lakini sikuweza kukaa kwenye benchi nikielezwa kitu ambacho sikukishika. Nilisuka nywele. Niliwapikia wachimbaji upande wa Kolwezi. Nilibeba sinia za vinywaji kwenye sehemu ya starehe kule hoteli ya Karavia. Niliwauzia chai madereva wa malori mpakani Kasumbalesa. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inakwendaje, kisha nikafunga mkoba. Mama yangu mzazi alikuwa akisema mimi ni mgeni hata kwenye kitanda changu.

Kwenye mafuta niliingia kwa kumfuata mtu wa baiskeli. Alikuwa amebeba matawi ya mkaratusi mengi hivi kwamba kwa nyuma huoni mtu, unaona kichaka kinatembea. Nikamuuliza anayapeleka wapi. Akasema kuna mama mmoja wa Maniema anayanunua, anayachemsha, anatoa mafuta. Nikatembea nyuma yake mpaka kwenye geti.

Mwanamke aliyefungua alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani na miwani imening'inia kifuani. Familia yake ni Waislamu waliotoka Maniema, wafanyabiashara wa nguo na manukato toka zamani. Siku hizi simwiti jina lingine ila Mama, ndiyo maana nimemwita hivyo tangu mwanzo.

"Weye unatafuta nini?" akaniuliza.

"Nataka kujua majani yote hii inaendaka wapi."

"Inaingia mu kachupa kamoja."

"Yote?"

"Yote. Kama uko na haraka, rudia njia yako."

Sikurudi. Miezi mitatu ya kwanza nilikata majani na kuosha chupa. Baada ya hapo alianza kunipa vipande vya karatasi vilivyochovywa kwenye mafuta, nimefumba macho, niseme ni nini. Nikikosea hakunisahihisha; alinipa kingine. Alinifundisha kuandika majina ya Kilatini kwenye daftari, kwa sababu mikaratusi iko ya aina nyingi na iliyo nzuri kwa kifua cha mtu mzima inaweza kumbana pumzi mtoto mchanga. Alinionyesha mafuta yanayounguza ngozi mtu akienda juani. Alinikataza kuweka tone moja kwenye mwili wa mtu bila kulichanganya na mafuta mazito, ya alizeti au karanga, na bila kulijaribu kwanza ndani ya kiwiko na kusubiri. Na alinikataza kabisa neno "kuponya".

"Sisi si badocta," alisema. "Docta akisema kintu, sisi tunanyamaza."

Yeye mwenyewe alikuwa amesomea ng'ambo miaka miwili na kurudi na cheti ambacho hakukitundika ukutani. Wasichana wananiuliza siku hizi wafanyeje ili waingie kwenye kazi hii, wakidhani nitawaambia wanunue seti ya chupa kwenye simu. Ninawaambia watafute mtu anayejua na waoshe chupa zake. Wajifunze mwili: damu inapita wapi, ini linafanya nini. Wakipata kozi ya kweli waende, kwa sababu pua peke yake haitoshi. Mimi nilikuwa na pua nzuri kuliko Mama, na angalia kilichotokea.

Kabla ya kumgusa mteja kulikuwa na maswali matatu. Una kifafa? Una mimba? Una pumu au ngozi inayokataa vitu? Mama aliyauliza mlango ukiwa umefungwa, yeye na mteja, watu wawili tu. Mume alitoka. Mama mzazi alitoka. Mimi mwenyewe nilitoka. Nilidhani ni adabu zake za nyumbani. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, mimi ambaye niliuliza kila kitu.

Na jibu nililijua tangu utotoni. Kwetu mimba changa haisemwi. Mwanamke anasema ana malaria kidogo, anasema tumbo linamsumbua, mpaka siku kitenge chenyewe kiseme. Tena hasemi mbele ya watu wa upande wa mume, kwa sababu mimba ikitoka baada ya kusemwa, watu wataanza kutafuta nani aliyeisikia.

Siku ya Golf ilikuwa mara yangu ya nne kwenda kwa mteja peke yangu. Ilikuwa Julai, baridi ile kavu, vumbi limeshika majani ya ua. Mama alikuwa amenichanganyia chupa tayari: lavenda ndani ya mafuta ya alizeti, basi. Lakini mteja alikuwa amesema kwenye simu kwamba miguu ni mizito na usiku anatoka jasho, na mimi nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha Mama kwamba sauge inazuia jasho na rozmari inaamsha miguu. Lavenda ilikuwa imenichosha. Nilitaka kuona. Nikachukua zile chupa mbili kabatini, nikazitia mkobani bila kusema, nikapanda moto, pikipiki ya abiria.

Aliyenifungulia mlango alikuwa dada wa mume, mwanamke mnene wa makamo, bakuli la karanga mkononi.

"Docta wa maua amefika!" akapaza sauti ndani. Kisha akanitazama juu mpaka chini. "Ile mafuta yako inatoaka na bunene?"

"Hapana, mama. Bunene inabakia."

"Basi haina kazi," akasema, akacheka, akatangulia mbele yangu mpaka chumbani.

Mteja alikuwa amekaa kitandani, msichana bado, uso umepauka. Nikangoja wifi atoke. Wifi akavuta kiti, akaketi kando ya kitanda, akaendelea kumenya karanga.

Kumwambia atoke? Mtu aliye rika la mama yangu, ndani ya nyumba ya kaka yake? Ulimi ulikataa. Nilifunga mlango, kama nilivyofundishwa, yeye akiwa ndani. Nikauliza swali la kwanza. Nikauliza la pili.

"Uko na mimba?"

Mteja aliangalia dirisha. Wifi aliangalia karanga zake.

"Hapana," mteja akasema.

Nikaandika kwenye daftari: hapana. Nikaandika na matone, manne na matano, kwa sababu hata nikiwa mkaidi mkono wangu ulikuwa umezoea kuandika. Nilimjaribu kwenye kiwiko, nikasubiri, kisha nikamkanda miguu na mgongo. Nilipofungua chupa ya rozmari aligeuza uso na kuomba dirisha lifunguliwe, katika baridi ile. Nikalifungua. Hata hilo halikuniambia kitu.

Sasa nirudi uani, na simu mkononi.

Nilikaa chini, juu ya majani. Nilianza kuona vitu: polisi kwenye geti, chupa za Mama zinavunjwa mbele ya majirani, mtu anaonyesha kidole akisema ndiye yule. Lakini kilichonibana zaidi hakikuwa hicho. Ilikuwa sauti yake aliposema hii njo ya tatu.

Nilijibu kwa maandishi, sikuamini sauti yangu. Nenda hospitali sasa hivi. Ujumbe ukakaa bila kusomwa.

Na hapo nilifanya kile nilichokuwa nimekifanya maisha yangu yote. Niliingia kwenye chumba nilichokuwa nalala, nyuma ya nyumba, nikachukua mkoba. Mkoba wangu haukuwahi kuwa mtupu. Basi la Kolwezi lilikuwa linaondoka saa nne. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikafika barabarani, nikasimamisha moto, hata nikapandisha mguu.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinishusha. Haikuwa hivyo. Nilijiona Kolwezi, kesho, mwezi ujao, mwaka ujao, nikiwa sijui. Sijui kama damu ilikatika. Sijui kama mtoto alikaa. Nimewahi kuondoka sehemu nyingi, lakini sikuwahi kuondoka kabla ya kujua. Woga wa kujua ulikuwa mkubwa, na woga wa kutojua ukawa mkubwa kuliko huo.

"Unaenda ao hauendi?" yule wa moto akauliza.

"Ngoja hapa," nikamwambia. "Ita na mwenzako. Tutakuwa babili."

Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba begani. Hakupiga kelele, ningefurahi kama angepiga.

"Mulango ulikuwa umefungwa?"

"Ulifungwa, Mama. Lakini wifi yake alikuwa ndani."

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Sauge ngapi?"

"Tano. Na rozmari ine."

"Mu mafuta ngapi?"

"Vijiko viwili vya supu."

"Alilala nayo ao alinawa?"

"Sijui."

"Ulipakala ku tumbo?"

"Hapana. Miguu na mugongo."

"Andika yote. Na ile haujui, andika haujui. Utabeba daftari, na utasema na mudomo yako."

"Mama, watatufunga."

"Watufunge. Sasa muke iko natoka damu, weye unafikiri kufungwa?"

Akaona mkoba begani mwangu. Hakuuliza. Akauvuta, akauweka chini ya meza, akachukua mtandio wake.

Golf tulikuta geti wazi na sentineli, mlinzi wa nyumba, akiwa peke yake. Alisema Madame na dada ya bwana wametoka mbio, wamekwenda kliniki ile ya njia ya pili. Moto zikageuka. Njia nzima nilishika daftari kwa mikono miwili, mtu wa moto akinigombeza nimshike yeye nisianguke.

Wifi alikuwa kwenye korido ya kliniki. Alipotuona alisimama katikati ya njia, na korido ilikuwa nyembamba.

"Docta wa maua," akasema. Safari hii hakupaza sauti. "Umeleta tena mafuta?"

"Nimeleta daftari, mama. Docta anapaswa kujua nilimpakala nini. Kulikuwa na vitu ambavyo mwanamke mwenye mimba…"

"Nani alikuambia iko na mimba?"

Mteja alikuwa ameniomba nisimwambie mtu, nami nilikuwa nimeshasema.

"Yeye mwenyewe," nikasema. "Leo asubuhi. Nisamehe."

"Mimi sikuambiwa," wifi akasema. "Mi nilijua toka siku aliacha kunywa chai ya maziwa. Nani hajui? Hata sentineli anajua!"

"Sasa siku ile, mbona ulinyamaza?"

"Niseme nini? Yeye anasema hapana, mi niseme ndiyo? Ikitoka, njo mimi nitakuwa muchawi ya nyumba. Nilikaa mule chumba niangalie kama utamugusa tumbo. Na karanga sikuwa hata na hamu yake."

"Sikugusa tumbo."

"Niliona. Juu ya ile tu sijakupiga."

Mama akasogea mbele, akamsalimu kwa mikono miwili, akamwita dada. Akasema kosa ni la nyumba yake, kwa sababu yeye ndiye alinifundisha kufunga mlango bila kunieleza mlango unafungiwa nani. Wifi akanishika kiwiko, akanisukuma kwenye mlango wa daktari bila kubisha.

"Sema yote," akasema. "Usipunguze."

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya usingizi. Alisoma daftari langu lote, hata ukurasa usiohusika.

"Alikunywa?"

"Hapana. Ni ngozi tu."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akaandika. Nilitaka aniambie ni mimi au si mimi. Alisema hawezi kusema ni mafuta, na hawezi kusema si mafuta. Wanawake wengi hutoka damu miezi hii bila kupakwa kitu, na huyu alikuwa amepoteza mbili. Akasema anachotaka yeye ni kuona moyo unapiga. Akasema pia kwamba nimefanya vizuri kuja na daftari, na maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Tulikaa kwenye benchi kungoja ekografi, ile picha ya tumboni. Wifi kushoto na rozari yake, Mama kulia akisoma dua kwa midomo tu, mimi katikati sijui niombe kwa upande gani. Nilijaribu kuhesabu vigae vya sakafu, nikakuta nahesabu mpaka tisa na kuanza upya. Mlango ukifunguka kwa mtu mwingine, sote watatu tuliinuka, kisha tukakaa.

Hatimaye nesi alituita kwa kidole. Mteja alikuwa amelala ubavu, shuka mpaka kidevuni. Daktari alisema moyo upo, unapiga vizuri, lakini mwanamke atalala, hatainua ndoo wala hatapanda ngazi, na atarudi kila wiki. Hakusema kwamba hatari imepita.

Mteja aliniona nyuma ya Mama.

"Usiniambie pole," akasema. "Mi nilidanganya."

"Mi niliuliza vibaya," nikasema.

Wifi alikuwa anamtengenezea mto. "Munyamaze wote wawili," akasema. "Mutoto analala."

Ndivyo alivyosema, mutoto, kwa sauti ya kawaida, na yule msichana akaanza kulia.

Sijawahi kukaa mahali kwa kuogopa kama nilivyokaa Makomeno miezi iliyofuata. Mama alinirudisha kwenye kuosha chupa. Sikulalamika. Kila wiki, siku ya kliniki, sikuweza kula mpaka ujumbe ufike, na ulipofika ulikuwa neno moja tu kutoka kwa wifi: "Iko." Agosti, iko. Septemba, iko. Jakaranda zilichanua, barabara ikawa zambarau, watu wakapiga picha. Mimi nilikuwa nahesabu wiki. Mvua zikaanza. Iko. Wiki moja ya Novemba ujumbe haukuja mpaka jioni, nami sikuosha chupa hata moja. Kumbe simu yake ilikosa umeme.

Mama aliponiruhusu kugusa wateja tena, tulikuwa tumebadilisha namna ya kuuliza. Sasa ninampigia mwanamke siku moja kabla, nikimwambia atafute mahali alipo peke yake. Simuulizi kama ana mimba. Ninamwambia: kama kuna uwezekano hata mdogo, sema tu unataka mafuta mepesi, nami sitauliza kwa nini. Wengi wanasema wanataka mafuta mepesi. Hata bibi mmoja wa miaka sabini aliniomba mafuta mepesi; nikampa. Na sijawahi tena kufungua chupa mbele ya mtu bila woga. Wasichana wanaotaka kazi hii wanadhani woga huo utawaisha wakizoea. Siwadanganyi.

Februari wifi alipiga simu badala ya kuandika. Nilikaa chini kabla ya kupokea.

"Ametoka," akasema. "Mwanamuke. Kilo tatu na kitu. Analia kama baba yake akikosa nyama. Kuya umuone. Lakini usikuye na harufu."

Niliosha mikono kwa sabuni ya kufulia mara tatu, nikakata kucha, nikavaa nguo ambazo hazijawahi kuingia kwenye chumba cha chupa. Mlangoni wifi alichukua kiganja changu, akakiweka puani.

"Inanuka."

"Nilinawa, mama."

"Inanuka."

Akakunja kitenge mara mbili, akakitandika juu ya mikono yangu mpaka viwiko, ndipo akamweka mtoto. Alikuwa mwekundu, macho yamefumba, ngumi moja kwenye shavu. Nilibana pumzi nisimpumulie. Mpaka leo sijui yale matone yalifanya nini ndani ya mama yake, au kama hayakufanya chochote. Hakuna atakayeniambia.

Mtoto akakunja pua, akapiga chafya. Mama yake alishtuka kitandani, wifi akashtuka, nami nilimrudishia wifi mtoto kwa mikono iliyonyooka kama mtu aliyebeba sufuria ya moto, nikatoka nje kwenye mvua.